Fundi Aliyefungiwa Bigwa

"Wewe ni Mnyamwezi wa wapi?"

Tuliliacha swali hilo likining'inia katikati ya msiba, na nimeambiwa kuna watu walibishana wiki nzima Yustina atajibu nini. Tulieni, leo mtasikia.

Kwa aliyechelewa kuanza nasi, mambo yako hivi. Yustina, fundi nguo wa Bigwa, ni mkimbizi wa Burundi aliyetoka kambini Kigoma bila kibali na kuja Morogoro kutafuta riziki. Amekaa hapa miaka mitatu akijiita Mnyamwezi wa Urambo, kwa sababu lafudhi yake ilihitaji kabila la magharibi. Mwenye nyumba wake, Mzee Kondo, Mluguru, amefariki. Na Mluguru akifariki, watani wake Wanyamwezi wana haki yao msibani: wanachokoza, wanaiga alivyotembea marehemu na alivyosema, na mfiwa haruhusiwi kununa.

Ndipo Twalibu, mstaafu wa reli kutoka Ngerengere na Mnyamwezi wa kuzaliwa, alipovaa koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akakalia kiti chake na kuanza kuwadai wapangaji kodi. Mjane mwenyewe, Bibi Catherine, alicheka huku anafuta machozi. Kisha Twalibu akamwita Yustina: "Njoo mwenzangu, nyumba imeshakuwa yetu hii, tugawane vyumba."

Naye Yustina, ambaye kwao maiti haichezewi hata kwa dakika moja, alimvua mzee wa watu lile koti kwa hasira, akalikumbatia na kulia.

Mtani kaukasirikia utani. Hapo ndipo kelele zilipokatika.

"Nimekuuliza, binti," alisema Twalibu. "Wa wapi?"

"Urambo, baba."

"Urambo naijua, nimefanya kazi stesheni zote za huko. Mtoto wa Urambo asingeninyang'anya koti la mtani wangu. Angenishikia mkono nilivae vizuri."

Yustina alizidi kulikumbatia koti. Macho ya mtaa mzima yalikuwa usoni kwake.

"Babu, shikamoo," ilisema sauti nyuma yake. Alikuwa Joyce, msichana wa kwanza Yustina kumwajiri, aliyekaa naye kuliko wote. "Msamehe dada. Ni mlokole huyu. Wamekatazwa mambo ya utani. Hata harusini hachezi."

"Kanisa gani linalofuta kabila?" aliuliza Twalibu.

Watu wakacheka. Mama Stambuli, muuza chai, alicheka kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, na wengine wakamfuata. Twalibu akatikisa kichwa, akachukua kofia ya marehemu badala ya koti na kuendelea kuwadai watu kodi. Msiba ukarudi kuwa msiba.

Joyce alimshika Yustina mkono. "Twende chumba cha kukatia, dada. Ukae huko mpaka jeneza litoke."

Mshukuruni Joyce kama mnataka. Mimi ningesubiri kidogo.

Chumba cha kukatia vitambaa kilikuwa uani, mwisho wa safu ya vyumba vya Mzee Kondo. Kina meza ndefu, dirisha moja lenye nondo, na mlango wa mbao nzito. Kufuli lake Yustina alilinunua mwenyewe, kwa sababu ambayo mtaielewa muda si mrefu.

"Joyce, nipe simu," alisema walipoingia. "Nataka nimwambie mama kesho alfajiri napanda basi."

Simu ya biashara ni moja na hushikwa na Joyce, maana ndiye anayepokea oda. Ndiyo hiyo hiyo mama yake Yustina huipigia kutoka kambini. Wiki mbili zilizopita mama alipiga na habari: amejiandikisha kurudi Burundi, na msafara wa mabasi utaondoka Alhamisi. Na anaondoka na Ineza.

Ineza ni binti wa Yustina, ana miaka saba. Baba yake amekufa. Yustina alimwacha kwa bibi yake akiwa mdogo kiasi cha kubebwa, akaahidi kumtuma mtu amfuate, na hakupata mtu wa kumtuma. Mtoto akivuka mpaka Alhamisi bila yeye, hajui atampata kilima gani cha Burundi, wala atavuka vipi mwenyewe kumtafuta. Leo ni Jumanne. Akipanda basi kesho atawahi.

"Simu haina chaji," alisema Joyce bila kumtazama. "Niliiacha kwa Geeta, kwenye duka la vitambaa."

"Basi nenda ukaichukue."

Joyce alitoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na Yustina akasikia kufuli lake mwenyewe likibanwa kwa nje.

Alidhani ni kosa. "Joyce, umefunga."

Mlango haukufunguliwa. Aligonga mpaka viganja vikauma. Nje wimbo wa maziko ulikuwa unapanda, jeneza linatoka, na nani angesikia mlango wa uani? Alisukuma nondo za dirisha, akasukuma tena. Ni yeye aliyemwomba Mzee Kondo aziweke, akisema anaogopa wezi wa vitambaa.

Alikaa chini ya meza na kulia kwa mara ya pili siku ile, sasa kwa ajili ya mtoto wake.

Watu waliporudi makaburini, kivuli kilisimama dirishani. Alikuwa Nasibu, mtoto wa dada yake Mzee Kondo. Kwa Waluguru mpwa ndiye mrithi, kwa hiyo tangu asubuhi ile nyumba, ua na mlango ule vilikuwa mikononi mwa kijana huyu wa miaka thelathini.

"Pole na kufungiwa, dada," alisema kwa upole.

"Umekwenda kuniripoti?"

"Kwa nani?"

"Usinizungushe, Nasibu. Umemsikia yule babu. Unajua mimi ni nani."

Nasibu akacheka kidogo. "Dada, mimi nimejua tangu mwaka wako wa kwanza. Mjomba alijua siku ulipohamia. Mama Stambuli anajua. Geeta na mumewe Mahendra wanajua. Sasa nani achukue riziki yake mwenyewe aipeleke polisi?"

Yustina alimtazama kama anayemwona leo. Miaka mitatu amejificha kwa watu waliokuwa wanamficha, na hakuna aliyemwambia.

Na hapa, wasomaji, mniruhusu niseme jambo la mtaa ule. Kabla Yustina hajaja, safu ya vyumba vya Mzee Kondo ilikuwa ya kuwekea mkaa. Yustina alikuja na mtindo ambao mafundi wa Morogoro hawakuwa nao. Mjini fundi mmoja hupima, hukata, hushona na hupiga pasi nguo ile ile hadi mwisho. Yeye alikata peke yake, kisha msichana mmoja akashona kola tu, mwingine mikono tu, mwingine pindo. Sare za shule zikatoka kwa mamia. Wasichana wakapanga vyumba, Mama Stambuli akaweka meza ya chai, mkaanga chipsi akafuata, Mahendra na Geeta wakafungua tawi la vitambaa na nyuzi hapo hapo Bigwa. Na si wote waliofurahi. Oscar, fundi wa siku nyingi pale sokoni mjini, amepunguza bei zake mara mbili na bado wateja wanampita, na kodi ya vyumba Bigwa imepanda hadi wenyeji wengine wamehama.

Kilichonichekesha zaidi ni redio ya Mama Stambuli. Asubuhi moja mtu alipiga simu kwenye kipindi kulalamika kwamba wakimbizi wanaumaliza mji. "Kweli kabisa," alisema Mama Stambuli, huku anammiminia Yustina chai na kumwongezea andazi la bure.

"Kama unajua," alisema Yustina kupitia nondo, "basi unajua nina mtoto. Nifungulie."

"Shule zinafunguliwa Jumatatu. Tumechukua oda ya shule tatu, malipo ya kwanza tumeshayala. Hakuna anayejua kukata ila wewe. Kata zote, kisha nakusindikiza stendi mwenyewe."

"Kukata zote ni mpaka Jumapili."

"Najua."

"Mwanangu anaondoka Alhamisi, Nasibu."

Nasibu alitazama pembeni. Si kijana mbaya, na hilo ndilo lililomtisha Yustina zaidi. Mtu mbaya anatukanika. Huyu alikuwa na haya usoni, na ufunguo aliopewa na Joyce ulibaki mfukoni.

"Kuna wasichana kumi na wanne humu, dada. Wana watoto wao pia," alisema.

Yustina aliutazama mkasi mezani. Alijua aliyemfungia ni nani, na hakuwa Nasibu peke yake. Miaka yote alikata mlango ukiwa umefungwa. Hakutumia vipimo vya karatasi, asije mtu akavichukua. Hakumfundisha Joyce wala mwingine yeyote, kwa hofu moja: siku watakapojua kukata, hawatakuwa na haja naye, na mtu asiyehitajika ni rahisi kumtaja kwa maofisa. Ulinzi wake wote ulikuwa mkasi ule. Sasa mkasi ule ule ndio uliomzuia asimfuate mtoto wake.

"Mlete Joyce," alisema mwishowe. "Nitamfundisha. Akikata sare moja ikakubali, unafungua."

"Unasema kweli?"

"Apa kwanza."

"Naapa kwa mjomba. Udongo wake bado mbichi, siwezi kumsingizia."

Joyce aliingia macho mekundu. Nasibu akafunga tena mlango nyuma yake, akasimama dirishani kutazama.

Yustina alitandaza kitambaa cha buluu mezani. Alijisikia kama anayevua nguo mbele za watu.

"Mafundi wa mjini wanakosea hapa," alisema. "Wanapanga vipande vyote vikitazama upande mmoja. Mimi nakunja kitambaa mara mbili, hivi. Sketi ya gauni la kwanza inatazama juu, ya la pili inatazama chini. Kiuno cha hii kinakaa karibu na pindo la ile. Unaona nafasi iliyobaki katikati?"

"Naona, dada."

"Humo ndimo inamotoka mikono. Wao wananunua kitambaa cha mikono, mimi natoa bure."

"Ndiyo maana tunawashinda bei kina Oscar."

"Ndiyo maana. Shika sabuni, chora."

Joyce alichora kwa kipande cha sabuni kavu. Machozi yake yalidondoka kwenye kitambaa, akayafuta kwa kiganja. Yustina alidhani ni shukrani, au ni uchungu wa kuagana, na moyo wake ukamlainikia. Alimshika kiwiko, akamwelekeza mkasi kwenye kona.

"Usikate kwa ncha. Kata kwa katikati ya mkasi, twende pamoja."

Walikata pamoja sare ya kwanza. Ya pili Joyce alikata peke yake. Yustina alivichukua vipande, akaviweka kimoja juu ya kingine, akavipima begani kwa Joyce mwenyewe. Vilikubali.

"Umeshajua," alisema. "Nasibu, fungua."

Ufunguo uliingia kwenye kufuli, mlango ukafunguka nusu. Na Joyce akauweka mkasi mezani, akajishika kichwa.

"Dada, usiende stendi."

"Kwa nini?"

"Hakuna cha kuwahi." Alikuwa anaongea na meza. "Simu ina chaji. Ninayo hapa. Mama yako alipiga juzi. Msafara umewahishwa, ukawa leo asubuhi. Nilimwambia nitakueleza. Sikukueleza."

Nasibu alisimama mlangoni. Aliacha kuzungusha ufunguo kidoleni, na kwa uso wake ilionekana hilo hakulijua.

"Leo asubuhi," alisema Yustina.

"Niliogopa, dada. Ukiondoka tumekwisha. Mama yangu anatibiwa kwa hela ya mashine ile ninayoshonea. Nikasema ukikuta wameshaondoka utalia, halafu utabaki na sisi."

Yustina hakumpiga. Angekuwa na nguvu angempiga. "Ungeniambia juzi," alisema, "ningekufundisha juzi."

Joyce alianza kulia kwa sauti. Na hapo simu ikaita ndani ya mfuko wa gauni lake.

Yustina aliichukua mwenyewe. Namba hakuijua. Akabonyeza kipaza sauti, akaiweka mezani juu ya vitambaa.

"Hallo. Naongea na mama wa mtoto Ineza?" Ilikuwa sauti ya mwanaume, yenye adabu na yenye kuchoka. "Mimi ni ofisa, nipo huku mpakani."

"Ndiye mimi. Mwanangu ana nini?"

"Mzima, usiwe na wasiwasi. Bibi yake amevuka na basi la kwanza. Mtoto alikuwa basi la pili, tumemshusha. Hatuwezi kumvusha bila idhini ya mzazi aliye hai, na yeye anatuambia mama yake yupo. Namba hii ameitaja kwa kichwa."

Yustina alijiziba mdomo. Namba ile alimwimbia Ineza kwenye simu mwaka uliopita, usiku wa homa, ili mtoto asilie. Hakujua kama alikuwa anaishika.

"Nipe niongee naye."

"Utaongea naye. Kwanza nisaidie, mama. Kambini haupo, tumeshauliza. Uko wapi kwa sasa?"

Nasibu aliingia chumbani hatua mbili, akanong'ona: "Kata simu."

"Mama, unanisikia? Ukinitajia ulipo, wenzetu wa huko watakuja kukuchukua, utaletwa kambini na mtoto atakusubiri pale. Usiponitajia, jioni hii anapelekwa kituo cha watoto wasio na wazazi. Nikishaandika hivyo, kumtoa si kazi ndogo."

"Sema Urambo," alinong'ona Nasibu. "Kuna ubaya gani? Sema Urambo."

Nje ya dirisha nyuso zilikuwa zimeshajaa. Mama Stambuli alishika nondo kwa mikono miwili. Geeta alikuwa nyuma yake, mtandio mdomoni. Wote hao Yustina aliwapenda kwa namna yake, na wote walikuwa wanamtikisia kichwa.

"Morogoro," alisema Yustina. "Niko Bigwa, nyumba ya marehemu Mzee Kondo. Waulize popote, wanaijua. Kuna msiba."

"Asante, mama. Baki hapo hapo. Usitoke mpaka wafike."

Nasibu alikuwa ameshaufungua mlango hadi ukagonga ukuta. Kijana aliyemnyima ufunguo mchana kutwa sasa alimtupia mkoba wake miguuni.

"Ondoka," alisema. "Pikipiki ipo nje. Nina shangazi Kisaki, kule hakuna atakayekutafuta. Ondoka sasa hivi."

"Nimeambiwa nibaki."

"Umesikia ulichofanya? Kumficha mtu asiye na kibali ni kesi. Wakikukuta humu, ni mimi, ni Bibi Catherine, ni Mahendra aliyekukopesha vitambaa, ni hawa wasichana. Wakikukosa, hatukujui."

"Mwanangu, nenda," alisema Mama Stambuli dirishani. Alikuwa analia kweli. "Nakusihi. Mimi nina wajukuu."

Yustina aliusogeza mkoba kwa mguu, akapanda na kukaa juu ya meza yake ya kukatia.

"Mmenifungia humu nisimfuate mtoto wangu," alisema. "Nimewapa mkasi wangu ili mnifungulie. Leo nimempata mtu wa kunipeleka kwake, mnataka nimkimbie? Siondoki. Anayeogopa, mlango uko wazi."

Nasibu alipangusa uso kwa mikono yote miwili. Ninawaambia tena, si kijana mbaya, ila hofu ilikuwa imemzidi kimo. Aligeuka mlangoni na kuwaita vijana waliobeba jeneza asubuhi.

"Mbebeni," alisema. "Mwekeni kwenye pikipiki."

Vijana wawili waliingia, wakatazamana, wakamshika Yustina mabegani. Alijishikilia kwenye ukingo wa meza, vitambaa vikaanza kuteleza na kuanguka. Joyce aliruka katikati yao na mkasi mkononi, akalia kwamba atakayemgusa dada yake atakatika yeye kwanza.

"Joyce, toka hapo," alifoka Nasibu. "Nyie, mbebeni, nimesema. Mnangoja nini?"

"Hallo?"

Sauti ilitoka chini ya kitambaa cha buluu. Vijana wakamwachia Yustina. Joyce akakiinua kitambaa taratibu, na simu ilikuwa pale, bado haijakatwa.

"Hallo, nasikia purukushani huko," alisema ofisa. "Nani anabebwa? Hebu huyo anayetoa amri ashike simu, aniambie jina lake."

Wote wakamgeukia Nasibu.